Kimya cha Uani kwa Nyanya

Mguu wa kushoto wa nyanya yangu ulikataa mteremko. Mahali tambarare ulimtii, lakini si kushuka hadi mto wa mchanga, ambako wanawake wa upande wetu wa Kasikeu walifukua maji wakati wa kiangazi. Ndivyo alivyoanza kulea watoto wa wenzake. Alfajiri walimwachia watoto uani, wakashuka na punda wao. Waliporudi, kila mmoja alimimina kibuyu kimoja katika mtungi wa nyanya kabla ya kumbeba mwanawe mgongoni. Malipo mengine hayakuwapo. Mimi nililelewa pamoja na hao, ila jioni sikuchukuliwa na mtu. Nilikuwa wa humo humo.

Shida ilikuwa njia. Kuja kwetu, ilibidi kupita mbele ya thome ya jirani, yaani ule uwanja mdogo nje ya lango ambapo wanaume huketi kando ya moto na kuzungumza mambo yao. Mwanamke hapiti thome hivi hivi. Hupunguza mwendo, huinamisha macho, humnyamazisha mtoto. Akipita mmoja, ni adabu. Wakipita wote kila asubuhi, na watoto wasionyamazishika, ni soko. Jirani, mzee aliyechonga viti vya miguu mitatu, aliwaambia wazee wa utui, kitongoji chetu, kwamba boma la mjane limegeuzwa kitu kingine bila ruhusa ya yeyote.

Miaka hiyo ya thelathini serikali ilikuwa na vibali vyake, cha kufungua duka, cha kuhamisha ng'ombe. Kibali cha kukusanya watoto wa watu katika boma moja kilikuwa mdomoni mwa wazee, na wazee walikutana thomeni kwa mlalamikaji mwenyewe. Wakikataa, nyanya angekosa maji. Akikosa maji, angehamia kwa kaka yake Ikutha, mbali, ambako alisema hata kunguru hawamjui. Wote walilijua hilo, hakuna aliyelitaja.

Kwa kuwa mwanamke haketi thomeni, nyanya alijitetea akiwa uani kwake, ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Mama, unatusikia?" akauliza mzee aliyeongoza kikao.

"Nawasikia. Kilichoharibika ni mguu."

Wakacheka. Jirani hakucheka. "Hapa ni mahali pa maneno," akasema. "Juzi tulikuwa na kesi ya mbuzi. Mtoto akalia huko, shahidi akasahau mbuzi ni wa nani."

"Alikuwa amesahau kabla mtoto hajalia," nyanya akajibu kutoka kwenye minyaa.

Mzee wa kikao akawatuliza. Wakakubaliana waje asubuhi iliyofuata, waketi pale pale, wasikilize kelele hizo kwa masikio yao wenyewe, ndipo waamue.

Nyanya alitayarisha kelele zetu kama mtu anavyotayarisha mbegu. Asubuhi alitupa uji mzito hadi matumbo yakawa ngoma, akatulaza kwenye kivuli cha ghala, akasema, "Leo sisi ni mawe. Jiwe halifungui jicho." Watoto wadogo walilala kweli. Sisi wakubwa tulifumba macho tukasikiliza upepo ukipita katika minyaa, na ng'ambo yake wazee wakinusa ugoro, wakikohoa, wakingoja.

Mwanzoni walizungumza. Halafu maneno yakapungua. Halafu nikasikia mmoja akiuliza kwa sauti ya chini, "Wameletwa kweli?"

"Wameletwa. Nimewaona wakipita."

Kukawa kimya tena. Yeyote aliyewahi kukaa na watoto anajua kimya cha namna hiyo: ni cha nyoka, au cha moto, au cha mtoto aliyetumbukia mahali. Nyanya alilijua hilo kuliko wote, lakini asubuhi ile hamu ya kushinda ililifunika.

Kiti kikaanguka. Jirani alipenya kwenye lango letu bila kubisha hodi, jambo ambalo mwanamume hafanyi katika boma la mjane, akatuona tumelazwa kwa safu, macho yamefumbwa. Alimnyanyua wa kwanza aliyemfikia na kumtikisa. Mtoto akapiga yowe. Mwingine akaitika, na wote tukalipuka, wengine kwa kilio, mimi kwa kicheko.

Wazee walikuwa wamefika langoni. Mzee wa kikao alimtazama jirani, mtoto akimlilia kifuani.

"Uliomba kimya," akamwambia. "Umekipata. Mbona umekikimbia?"

Jirani alikuwa akimpapasa mtoto mgongo.

Uamuzi ulitolewa hapo hapo, wamesimama. Watoto wabaki. Ua utobolewe upande wa mto, wanawake waingilie huko, thome iachiwe njia yake. Na watoto wapige kelele. Boma lenye watoto lisikike lina watoto. Jirani alikata minyaa mwenyewe jioni ile, utomvu ukimchirizikia mikononi, na nyanya alimwelekeza akiwa ameketi kando ya mtungi.

Tangu hapo, uani pakitulia kupita kiasi, tulisikia kikohozi ng'ambo ya ua. Nyanya aliinua kichwa kutoka kwenye kiondo alichosuka, akatuambia, "Mjibuni mzee." Nasi tukapiga kelele.