Chupa Moja, Watu Saba

Mwaka ule nilikuwa nimechoka hata na jina la riwaya yangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiiandika alfajiri kabla ya kwenda kufundisha, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikwenda kwenye kikundi chetu cha waandishi, watu saba wa Kisumu tunaokutana alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Mwenye nyumba husoma sura ya kazi yake, akiwa ametugawia nakala ya kazi nzima mapema. Mwenye nyumba pia huleta divai.

Desturi hiyo ya divai ililetwa kikundini na mshairi wetu, muuza vifaa vya ujenzi aliyehamia hapa kutoka Murang'a. Ndiye aliyetufundisha kuizungusha ndani ya glasi na kuinusa kabla ya kuonja. "Usinywe kama uji," aliniambia mara ya kwanza. "Iache ulimini, ikueleze ilikotoka." Mimi sikuelezwa kitu. Kinywa kilinikauka kana kwamba nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Wenzangu walinusa moshi, ngozi, maua. Mimi nilinusa zambarau zilizoanguka zikakanyagwa, nikanyamaza, maana nani angetaka zambarau ndani ya kitu cha heshima namna ile?

Kulikuwa na jambo jingine nililojifunza, ambalo mshairi hakulifundisha. Hakuna aliyeisema vibaya sura ya mtu huku bado ameshika glasi ya divai yake. Chupa ikiwa nzuri, sura nayo ilikuwa nzuri. "Endelea," wangesema, "inakuja." Zamu yangu ilikuwa imefika mara nne, mara zote nikasifiwa, na mara zote nikarudi mezani kwangu nisijue kama nina riwaya au rundo la karatasi. Ya tano ilipokaribia nilijiambia: safari hii nikikosa jibu la kweli, naacha kuandika. Sikusema kwa hasira. Nilisema kama mtu anayetua ndoo.

Hata hivyo nilinunua chupa nzuri kabisa. Aibu ina mazoea yake.

Siku hiyo shangazi alikuwa kwangu Kondele, amekuja kutoka Usenge kupimwa macho. Kwao ndiye anayeandaa Meza ya Bwana kanisani, mkate na divai, kazi aliyoishika tangu nikiwa darasa la kwanza. Mshairi alikuwa ameniambia kwamba divai nyekundu hufunguliwa mapema ipate kupumua. Basi saa nane nikang'oa kizibo, nikaiacha chupa wazi mezani, nikatoka kununua njugu.

Niliporudi chupa ilikuwa tupu, imeoshwa, imepinduliwa kwenye beseni la vyombo. Kando yake palikuwa na jagi kubwa la plastiki, limejaa hadi ukingoni kitu cha rangi ya waridi.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Watu saba na chupa moja, nyathina, mwanangu, hiyo ilikuwa itoshe nani?" Alikuwa akifuta mikono kwenye leso. "Maji nimechemsha, usiogope. Na sukari kidogo."

"Lakini hii si ya kanisa!"

"Kwani ya kanisa inatoka mto gani? Mimi nalisha kanisa zima na chupa mbili. Hakuna mtu amewahi kurudi nyumbani bila."

Nikaketi sakafuni. Nilitaka kulia, lakini kulia nako ni kazi. Nguvu za kwenda mjini kutafuta nyingine sikuwa nazo, na honi ya gari la mshairi ilikuwa tayari inalia langoni.

Nilimimina, nikawaambia ukweli kabla hawajaonja. Mshairi aliinua glasi yake dirishani, akaviona vidole vyake vyote upande wa pili.

"Mama," akamwambia shangazi, "hii umeibatiza."

"Na ubatizo ni mzuri, Bwana. Kunywa."

Wakacheka, wakanywa. Hakuna aliyezungusha glasi wala kunusa. Mimi nilikunywa kwa kiu, kama mtu aliyetoka kulima, na kwa mara ya kwanza nikaionja divai yenyewe: utamu mbele, uchachu nyuma yake, kisha joto dogo kifuani. "Zambarau," nikasema kwa sauti. "Kabisa," akaitikia mwalimu mstaafu, mama ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akaomba aongezewe.

Kisha nikasoma sura yangu. Nikafika mwisho. Safari hii hapakuwa na chupa ya kuheshimu. Mwalimu akaweka glasi chini.

"Nikuambie?"

"Niambie, Mwalimu."

"Muda wote huu umekuwa ukitusomea mlango, ndani hatujaingia. Watu wanatembea, wanawaza, jua linazama kila ukurasa. Riwaya yako inaanza pale yule mjane anapokataa kuuza mashua. Hapo umeandika mstari mmoja, halafu ukakimbia."

"Na kurasa za kabla yake?"

"Tupa."

"Mwalimu, ni tisini!"

"Tisini na moja, ukihesabu ya shukrani."

"Polepole, Mwalimu," mshairi akaingilia.

"Hata wewe ulijua."

Mshairi akatazama glasi yake. "Nilijua," akasema.

Iliniuma kama jino linapong'olewa: maumivu kwanza, halafu ulimi ukirudi na kurudi penye pengo.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu ya mabati ya majirani. Shangazi aliingia kuchukua glasi. "Wamekusema vibaya?"

"Ndiyo."

"Na utafanya nini?"

Nilihesabu kurasa tisini na moja, nikazitia kwenye mfuko wa takataka, nikaufunga fundo. Ukurasa mmoja uliobaki nikauweka mbele yangu. Mjane alikuwa amesimama ufuoni, mkono juu ya mashua, wanunuzi wamemzunguka. Nilikuwa nimechoka sana. Nikamuuliza kwa nini hataki kuuza, nikaanza kuandika alichonijibu.