Rangi Inayokula Moshi

Kaka yangu ni fundi rangi, na mdomo anao. Ukuta akiupaka mchana, jioni anaupaka tena kwa maneno.

Safari hii yeye na wenzake walipewa kazi ya kupaka ghorofa la ofisi, kule kwenye barabara ya malori. Rangi yenyewe inajisafisha: jua likiipiga, uchafu unalegea, mvua inausomba, na hata hewa chafu ya magari inapungua kidogo. Hilo "kidogo" lilimdondoka njiani. Alipofika kwa mama akatangaza, "Mama, hii rangi inakula moshi!"

Mama yetu kifua kimemchosha. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba moshi wa mkaa ndio unaommaliza, na akiendelea nao hafiki mbali. Jiko tukalihamishia uani. Mama akanuna, maana uani kuna majirani, naye hapendi kuchunguliwa sufuria.

Kaka akaomba kazini mabaki ya rangi ile, akampakia chumba chote. Kikang'aa kweli. Nilifurahi, sisemi uongo.

Wiki iliyofuata nikaenda kumjulia hali. Lahaula! Jiko limerudi ndani, mlango umefungwa, mama yuko katikati ya moshi, ametulia kama mgeni rasmi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napika. Si ukuta unakula?"

Nilitamani kumzaba kaka vibao. Nikampigia simu, akaja mbio na nguo zake za kazi, akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, nisamehe. Ile rangi inataka jua, na humu jua haliingii. Halafu hata ingekuwa nje, moshi wa jiko haiuwezi."

"Nani kakwambia?"

"Msimamizi wetu."

"Ana wivu huyo. Tangu unipakie napumua vizuri." Hapo hapo akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Hiki ni kikohozi cha zamani," akasema, "kinatoka."

Nikalibeba jiko uani. Kesho yake likawa ndani. Nikalichukua nikaenda nalo kwangu, mama akanunua jingine. Nilifoka, nikabembeleza, nikamleta daktari mwenyewe. Mama akamwonyesha ukuta kwa fahari, akamwambia, "Kapaka mwanangu." Nilichoka, jamani. Utamfunga kamba mama yako mzazi?

Mwishowe kaka akaja na rangi ya kawaida aifunike ile, labda mama ataacha kuiamini. Mama akainuka, akauegemeza mgongo ukutani, akatanua mikono.

"Nipake mimi kwanza."

Kaka akasimama na brashi yake, rangi inamchuruzikia viatuni. Mtu mzima yule, akaanza kulia. Mama akamwonea huruma. Akamfuta uso kwa kiganja, huku pumzi zikimkatika.

"Nyamaza, baba," akamwambia. "Kaa hapo, chakula kinaiva sasa hivi." Akainama, akaongeza mkaa.