Mgeni wa Treni

Kosa langu la kwanza katika ualimu lilikuwa kumchapa mtoto aliyekataa kutumwa.

Nilikuwa kijana aliyeishia darasa la saba, ualimu nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa simba. Katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na reli ya Itigi, niliambiwa niwafundishe watoto kujihadhari na watu wabaya. Nikamchora mtu mbaya: mgeni aliyeshuka kwenye treni, kofia imemficha macho. Nilimchora mara nne hadi vifungo vya koti vikalingana. Watoto wakaitikia, "Mgeni wa treni tumkimbie, mkubwa wa kijiji tumtii." Nikajiona bingwa.

Bwana duka wa ushirika alikuwa mmoja wa wakubwa wa kijiji. Sukari ikiadimika, alituwekea walimu yetu chini ya kaunta, nasi kwa shukrani tulimpelekea mtoto wa kumchotea maji. Siku hiyo nilimtuma msichana wa darasa la tatu.

"Sitaki, mwalimu. Yule ukishaingiza ndoo anafunga mlango."

"Kumbe wewe ndiye wa kumfundisha mkubwa habari za mlango wake?"

Darasa likacheka. Nikamchapa viboko viwili vya kupimwa, maana hata ujinga niliutaka uwe nadhifu. Akaenda.

Alirudi bila ndoo, anachechemea. Alikuwa ameruka dirishani bwana duka alipomkamata mkono. Hakulia. Aliitazama picha yangu ukutani, kisha akanitazama mimi.

Nikaenda kwenye kamati ya kijiji pamoja na mama yake.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "mtoto huyo ni mkaidi. Si wewe mwenyewe umemchapa leo asubuhi?"

Hivyo fimbo yangu ikawa shahidi wa bwana duka. Mama alikaa chini akakataa kuondoka mpaka jioni, ndipo waheshimiwa wakatoa haki yao: bwana duka ahamishiwe duka la kijiji cha pili, huko nako kuna watoto. Wakamchinjia kuku wa kumuaga. Nilialikwa. Nilikula paja.

Picha niliichoma. Kwetu sasa mtoto hatumwi peke yake, ndoo huachwa nje ya mlango, hata mlango ukiwa wangu. Mtoto akiniambia "sitaki", namuuliza kwa nini, na nangoja anijibu.