Usukani Nilioutupa

Baba yangu alikuwa na pikipiki nyekundu ambayo usukani wake ulikuwa umepinda upande mmoja, na mimi binti yake niliuonea aibu kwa miaka mingi. Upande wa kulia ulikuwa kama wa pikipiki nyingine yoyote. Upande wa kushoto ulirudi nyuma na kushuka chini, karibu uguse tenki la mafuta, na katikati palikuwa na kovu nene la kuchomelea. Ukiitazama kwa mbele ilifanana na ng'ombe aliyevunjika pembe. Watoto wa kijiji chetu, nje kidogo ya Segese, wakiisikia inakuja walianza kucheka kabla haijatokea, nami niliyekaa nyuma na begi langu la shule niliinamisha kichwa.

Sababu ya usukani ule ilikuwa mkono wake. Kabla sijazaliwa alikuwa mchimba dhahabu, na siku moja ukuta wa duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, ukamwangukia. Alitolewa hai. Kiwiko cha kushoto kilivunjika, kikaungwa na mganga wa mifupa, kikakaa vibaya. Tangu hapo mkono ule haukunyooka tena. Aliubeba mbele ya kifua kama mtu aliyepakata mtoto. Vidole vilikuwa na nguvu. Aliweza kukamua ng'ombe, kufunga kamba, kulima kwa namna yake. Ila hakuweza kufikia kitu kilicho mbali na mwili wake. Haya niliyajua tangu nikiwa mdogo. Nayaandika mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa kutojua.

Nilipofikisha miaka ishirini na sita nilikuwa nauza katika duka la dawa mjini Shinyanga, nimepanga chumba Ngokolo, na mwalimu mmoja wa pale mjini alitaka kunioa. Wazazi wake walikuwa watumishi wastaafu, watu wa mapazia marefu na meza ya kioo. Ikapangwa waje kijijini kwetu Jumamosi kujitambulisha. Baba alifurahi mpaka sauti ikapanda kwenye simu.

"Nitawapokea mwenyewe kule barabara kuu, na pikipiki yangu," alisema. "Huku njia zimechanganyikana. Dereva wao atapotea."

Nilipokata simu sikuwaza furaha yake. Niliwaza usukani, ukitangulia mbele ya gari la wakwe zangu njia nzima.

Jumatano mchana niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye duka la vipuri la mzee mmoja Mhindi, ambaye ukoo wake umekuwa ukifanya biashara mjini pale tangu enzi za babu yake. Salamu za Kisukuma alizijua kuliko mimi. Sukani zilining'inia ukutani nyuma yake kama nguo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nikupe nini?"

"Usukani wa pikipiki. Zawadi ya baba yangu."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Nilikuwa nimechagua picha iliyopigwa kwa ubavu wa kulia. Akaitazama, akashusha sukani tatu na kuzilaza juu ya kaunta. Mmoja ulikuwa mweusi, wa bomba nene, umeinuka juu na ncha zake zinarudi nyuma. Wa pili ulikuwa wa kawaida. Wa tatu ulikuwa mpana, umenyooka, unang'aa kiasi kwamba niliona meno yangu ndani yake.

"Baba yako mrefu?" akaniuliza. "Anakaa wima au anainama? Mabega, mikono, havimsumbui?"

"Hana tatizo."

"Angekuja mwenyewe akaushika ingekuwa bora. Kiatu unaweza kumnunulia mtu bila kuujua mguu wake? Chukua huu mweusi, unamfaa mtu mzima. Huo unaong'aa vijana wanaupenda, lakini uko mbali. Ukikaa lazima unyooshe mikono."

"Nipe huo unaong'aa," nikasema.

Ijumaa nilifika nyumbani asubuhi. Baba alikuwa ameondoka na lori la wafanyabiashara kwenda mnadani kununua mbuzi wa wageni, pikipiki ameiacha kivulini. Nikamwambia mama naipeleka ikaoshwe. Niliiendesha mwenyewe, kwa sababu baba alikuwa amenifundisha, na sikuipeleka kwa fundi wake wa siku zote, maana nilijua huyo angeuliza. Nilikwenda kwa mwingine, karibu na stendi ya Segese, mtu asiyetujua.

Kazi ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Alilegeza bolti nne zinazobana usukani, akavua mipira ya kushikia kwa maji ya sabuni, akahamisha vioo, swichi za taa, kikono cha breki na kikono cha klachi. Waya wa klachi alihangaika nao kidogo. Ule uliokuwepo ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha baba, ikabidi aubadilishe. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akapangusa mikono.

"Sasa ni pikipiki ya mtu," alisema. "Huu wa zamani je?"

"Tupa."

Hakuutupa. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa jirani yake, akauchukua, ukarushwa juu ya rundo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Niliusikia ukigonga. Nikaondoka.

Baba alirudi saa tisa akimvuta mbuzi. Nilikuwa nimeiegesha pikipiki katikati ya uwanja ili aione kutoka mbali. Alisimama. Alimfunga mbuzi kwanza, taratibu, kisha akaja akaigusa ile ncha ya kushoto kwa kidole kimoja.

"Ni zawadi, baba. Kwa ajili ya kesho."

"Wabeja, ng'wanone," alisema. Asante, mwanangu. Akapanda. Mkono wa kulia ulifika. Wa kushoto aliuleta mbele ukaishia njiani, na ili ufike ilimbidi alitupe bega, kiwiliwili chote kikaenda upande, shingo ikapinda. Akashika klachi kwa ncha za vidole viwili.

"Nitazoea," alisema.

Hapo ndipo ningeweza kusema. Stendi haikuwa mbali, na mnunuzi wa chuma alikuwa bado hajafunga. Nilimtazama baba yangu amejipinda juu ya kile chuma kinachong'aa, nikasema, "Utazoea, baba."

Jumamosi saa nne alivaa shati lake jeupe akaenda barabara kuu kuwapokea. Sisi tulisubiri. Gari la wageni lilipoingia uwanjani pikipiki haikuwa mbele yake. Baba alishuka kutoka kiti cha nyuma, shati limechanika begani, damu imekauka juu ya nyusi, na baba mkwe wangu mtarajiwa amemshika kiwiko kile kibovu kumsaidia kutembea.

Walitusimulia. Kwenye ghala la pamba, pale njia inapokata kulia, baba alikunja usukani. Ukikunja kulia ncha ya kushoto inakwenda mbele zaidi, na mkono wake ukabanduka kwenye klachi. Pikipiki ikaruka, ikamtupa mtaroni, mbele ya gari lao. Wao hawakusema habari za klachi. Hiyo niliielewa mwenyewe. Wao walisema tu kwamba ameanguka.

"Mchanga," baba alisema. "Mchanga tu, na uzee."

"Mzee mwenzangu," baba mkwe akasema, "pikipiki sasa tuwaachie vijana." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, leso kwenye paji la uso.

Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Nilipita kwa kila mgeni, nikipiga goti, nikimimina. Nilipomfikia baba alinyoosha mikono yake miwili, mmoja mbele na mwingine pale unapoishia. Nikammiminia. Wageni waliondoka wakiamini baba yangu ni mzee ambaye hawezi tena kujiendesha.

Jumapili alasiri fundi wake alikuja kumpa pole. Ni mtu wa maneno machache, mwenye kidevu chenye alama za cheche. Pikipiki ilikuwa imeletwa ikaegemezwa ukutani, bado ina udongo wa mtaroni. Aliiangalia mara moja tu.

"Nani ametoa usukani wangu?"

"Ulikuwa umeoza kutu," baba akajibu haraka. "Niliutoa mwenyewe."

"Kutu? Siku mbili nilikaa na wewe nikiupima ule. Siku mbili!"

Baba akatazama chini. Ilikuwa mara ya pili ananidanganyia watu. Sikuweza kuvumilia mara ya tatu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliutoa mimi. Nilikuona utatutia aibu mbele ya wakwe, baba. Haikuwa zawadi."

Fundi alivaa kofia yake akatoka kwenda kusimama barabarani. Nilidhani baba atanifokea, na ningeshukuru. Alikaa kwenye kigoda akasugua goti lake.

"Nilijua tangu nilipouona," alisema. "Ukiwa na mkono kama huu unajua watu wanatazama wapi. Na mimi usukani ule niliuonea aibu. Mwezi wa kwanza nilipita njia za ng'ombe nisionekane. Baadaye nikachoka kuzunguka." Akanitazama. "Lakini ungeniambia, ningekwenda kuwapokea kwa miguu. Miguu yangu ni mizima."

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza.

Usukani wa zamani ulikuwa umeshaondoka na gari la chuma chakavu. Fundi aliukagua ule unaong'aa akatikisa kichwa: ni mwepesi, ukipashwa moto unapasuka. Kwa hiyo Jumatatu tulipanda basi, baba na mimi, tukaenda Shinyanga. Yule mzee wa duka alimwona baba akiingia, akaona mkono. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alikuwa ameniuliza swali Jumatano iliyopita nikamjibu. Hakulirudia. Alimvutia baba benchi, akamwekea usukani mmoja baada ya mwingine mapajani.

"Huu ushike. Funga macho. Mkono uende wenyewe, usiulazimishe."

Baba alichagua ule mweusi.

Fundi aliufunga siku iliyofuata, nyumbani. Mimi nilishika gurudumu la mbele katikati ya magoti lisigeuke. Baba alikaa juu ya pikipiki amefumba macho, na fundi akaniambia nimshike kiwiko, nikiache kiende kinapotaka, nimwambie kinapokwama. Sikuwahi kukishika kabla. Mfupa ulikuwa umechomoza pembeni, mkubwa na mgumu, na chini ya ngozi kitu kilikuwa kikisugua kila alipojaribu kunyoosha. "Hapo," nikasema. Fundi akaweka alama ya chaki. Kisha akaupasha moto, akaupinda, akachomelea kipande, na ulipopoa baba aliuzunguka mti wa uwanjani mara tatu, kulia na kushoto, bila kuinamisha bega.

Wiki mbili kabla ya harusi nilimsimulia mchumba wangu mambo yote. Nilitaka ajue anamwoa nani. Tulikuwa tumekaa nje ya chumba changu Ngokolo, nikichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza bila hasira:

"Na mimi siku ukinionea aibu, utanifanyaje?"

Nilimjibu kwamba sijui. Aliutazama ungo wa mchele, akaanza kuchambua pamoja nami.