Kiboko Alipomleta Mtoto Wake Bwawani

Kila kiangazi, Mto Katuma unapokauka pale Sitalike na kubaki madimbwi, viboko hurundikana karibu na daraja wakigombea maji yasiyofika hata kiunoni. Mimi huenda kuwatazama. Majirani husema nimekosa kazi, na sibishani nao.

Shangazi yangu hawapendi hata kidogo. Ana bustani ya kabichi kando ya mto, na mwaka juzi walivunja ua wake wa miti, wakamfyekea matuta yote, wakamwachia mavi. Hata hivyo jioni moja ya mwezi wa kumi, tukitoka kumwagilia, ni yeye aliyesimama darajani kwanza akanishika mkono.

Kiboko jike alikuwa anatoka kwenye matete na mtoto mdogo kama mbuzi. Jike hujitenga akazae peke yake, akae huko mpaka mtoto apate nguvu, ndipo amlete kwa wenzake. Siku ya kumleta ndiyo ya hatari, maana dume mwenye bwawa akimkataa mtoto humtafuna palepale.

Na dume alikuja. Alipasua maji moja kwa moja, mdomo wazi, meno yake manene kama mipini ya majembe. Nilitamani kufumba macho. Mama hakurudi nyuma. Alimsukuma mtoto nyuma yake, akaachama mdomo wote, akaunguruma mpaka nikausikia mngurumo ule tumboni mwangu. Dume akasimama. Akamtazama kitambo, kisha akageuka, akatawanya mavi kwa mkia ili tujue bado mwenye bwawa ni yeye, akaenda zake kulala. Mtoto akapanda mgongoni kwa mama yake.

Nilimpenda yule mama, nasema kweli. Sijui kama mimi ningesimama pale.

Shangazi alikuwa analia waziwazi. Aliegemea ukingo wa daraja, akasema kwa sauti ileile anayoitumia akipeleka unga wa uji kwa waliojifungua:

"Hongera, mzazi. Pole kwa kazi."

Halafu akajifuta uso kwa kanga, akaweka jembe begani na kuanza kurudi tulikotoka, tena mbiombio. Nikamuuliza tunarudi bustanini kufanya nini.

"Kuziba ua," akasema. "Anayenyonyesha anakula sana."