Mtoto Asiyenisumbua

Kuna asubuhi moja ya kliniki ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeolewa mtaa wa Mabawa, na kifunguamimba wangu, Bakari, alikuwa anakaribia miaka miwili.

Bakari alikuwa hanisumbui. Mimi nasuka mikeka, yeye kakaa pembeni anazungusha kifuniko cha sufuria tangu chai mpaka adhuhuri. Halii, hadai kubebwa, hamfuati mtu. Majirani wakinisifu, nami najiona. Wakishaondoka nampaka wanja kwenye paji la uso, maana niliogopa jicho la watu. Sikujiuliza kwa nini hanitazami usoni, wala kwa nini hajawahi kunionyesha kitu kwa kidole.

Wiki hiyo mavyaa, mama yake mume wangu, alikuja kutoka Muheza kukaa nasi. Alimtazama mjukuu wake siku tatu. Siku ya kliniki akatusindikiza.

Nesi akampima Bakari uzito, kisha akauliza, "Mama, akiitwa jina lake anageuka?"

Akina mama wote kwenye foleni walikuwa wametega masikio. Nikajibu, "Anageuka."

"Hageuki, mwanangu," mavyaa akamwambia nesi. "Tangu juzi namwita, hajanigeukia hata mara moja. Na sufuria ikianguka nyuma yake anashtuka, kwa hiyo kusikia anasikia. Mwandikie akatazamwe."

Uso uliniwaka. Njiani nikatangulia mbele. Tulipofika nyumbani akaniambia kwa upole, "Umewaogopa watu ambao hata majina yao huyajui, na mtoto kakosa mtu wa kumsemea."

Nilimchukia, nakwambia kweli. Karatasi aliyotuandikia nesi ya kwenda hospitali kubwa nikaisokomeza chini ya godoro. Nilikuja kumpeleka Bakari ana miaka minne, alipoanza kupiga kichwa ukutani. Daktari akasema ni usonji, akanionyesha namna ya kucheza naye na kuzungumza naye, kisha akauliza kwa nini nimechelewa.

Leo Bakari ni mtu mzima. Maneno yake machache, lakini ukimtuma dukani anarudi na ulichomtuma. Pengine hata ningewahi angekuwa hivi hivi; daktari hakuniahidi kitu. Ila miaka ile miwili mtoto alikuwa peke yake, na mimi nimeketi hatua mbili kutoka alipo. Hilo linaniuma mpaka kesho.

Basi mtazame mwanao, mwanangu. Usimpime kwa usumbufu wake tu, kwamba huyu mkorofi na yule mtulivu. Mchekee uone kama anakuchekea. Akikaribia mwaka, mwite jina uone kama anageuka. Akiwa na maneno kisha yakapotea, usingoje mpaka Idi ipite, na usikubali kuambiwa watoto wa kiume ndivyo walivyo. Pengine si kitu, utakuwa umepoteza asubuhi moja tu. Nesi akikuuliza, mwambie ulichokiona, sauti ikitoka.

Mola akukuzie mwanao kwa heri, na akuondolee kuona haya pale anapokuhitaji umsemee.