Habari Tuliyomficha Rubani Wetu

Mwanangu, katika Jumapili zote nilizojaliwa, ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo mdogo wetu Aniseti alisogeza sufuria ya maharage, akaweka ubao wa kukatia nyama katikati ya meza yangu pale Haltom City, Texas, akasema, "Hii ndiyo meli." Kisha akachukua kijiko. "Na huyu ni mimi."

Tulikuwa watatu tuliobaki. Wazazi wetu walikufa katika kambi ya wakimbizi, Kigoma, mama akitangulia na baba akimfuata kabla mvua za mwaka ule hazijakatika. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule nikiwa darasa la sita ili nipange foleni ya mgao wa chakula. Generoza ndiye aliyenifuata. Aniseti alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Generoza, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kuni na ndoo. Tulipoletwa Texas mimi nilianza kazi ya ghala, Generoza akaenda kutandika vitanda hotelini, Aniseti akapelekwa shule. Alisoma hadi chuo kikuu, akawa afisa wa jeshi la wanamaji, kisha rubani wa zile ndege za kivita zinazopaa na kutua juu ya manowari katikati ya bahari. Sisi watu wa milimani, mwanangu! Hata bwawa la samaki tulikuwa tukiliogopa.

Siku hiyo alikuwa likizo, nasi tulitaka kujua kazi yake ikoje usiku.

"Usiku huoni bahari, huoni mbingu," alisema akikishusha kijiko polepole. "Ni weusi mtupu. Unaona vitaa vichache tu kwa mbali, na meli nayo haikungoji, inakwenda zake. Ndege ina ndoano mkiani. Ile ndoano inatakiwa inase waya mmoja katika zile zilizotandazwa juu ya sitaha. Magurudumu yakigusa tu, unasukuma injini mpaka mwisho."

"Unasukuma?" Generoza akauliza. "Si unafunga breki?"

"Unasukuma. Maana kama ndoano imekosa waya, unatakiwa uwe umeshaanza kupaa tena. Ukisubiri kuhakikisha, umeshaingia majini."

Generoza akacheka hadi akashika ubavu. "Wewe? Wewe uliyeiingiza baiskeli ya jirani kwenye ua mchana kweupe?"

"Dada Jene, ile baiskeli haikuwa na breki."

"Na hiyo ndege nayo si umesema breki hufungi!"

Tulicheka sote. Kisha Aniseti akachukua kichupa cha chumvi, akakisimamisha kwenye kona ya ubao. Akasema huyo ni mwelekezi, naye ni rubani kama wao, ila zamu yake ni kusimama pembeni ya sitaha, kwenye upepo, akiwatazama wenzake wanavyokuja. "Yeye anaona nisichokiona. Akisema niko chini, basi niko chini. Akisema nizunguke, nazunguka, hata kama mimi mwenyewe naona niko sawa. Hakuna kubishana. Na tukishashuka anapita kumsomea kila mtu makosa yake, wenzake wakisikia."

"Mbele za watu?" nikasema. "Hana huruma huyo?"

"Hiyo ndiyo huruma yake, dada."

Mimi, mwanangu, siku ile nilisikia giza peke yake. Habari ya mwelekezi ilinipita kama matangazo ya mwisho wa misa, wakati kila mtu anatafuta funguo za gari.

Kwetu, nawe unajua, aliye mbali haambiwi habari mbaya. Bibi akifa kijijini, aliye Marekani ataambiwa bibi anaumwa kidogo. Baadaye ataambiwa amezidiwa, na tukiona ameanza kuzoea ndipo tunamwambia kwamba alizikwa mwezi uliopita. Tunasema tunamhurumia, yuko peke yake, nani atamshika akianguka? Nami nililelewa hivyo. Hata kifo cha baba nilikisikia kwa majirani, kwa sababu mjomba alitaka kwanza nimalize kula.

Aniseti alirudi melini, wakaondoka kwa safari ya miezi mingi. Hazikupita wiki nyingi, Generoza akaanza kulalamika tumbo na mgongo. Alidhani ni magodoro ya hotelini. Alipokubali kwenda hospitali ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshatembea. Daktari alizungumza nasi kwa upole, na katika upole ule nikaelewa.

Neno la kwanza la Generoza tulipobaki wawili lilikuwa, "Mwambie Aniseti."

Nikasema nitamwambia.

Jioni ile nilikaa na simu mkononi, nikakiona kile kijiko kinashuka. Nikajiuliza, akishasoma habari hii, ataishushaje ndege gizani? Mkono ukitetemeka kidogo tu, si ndiyo basi? Nitakuwa nimemzika mmoja na kumtupa mwingine baharini. Nikaandika: *Tuko salama wote. Tunakuombea.* Nikatuma.

Sikukosa wa kunikanya. Bibi Spesiosa, jirani yetu, aliyekuwa akituletea uji hospitalini, alinivuta kwenye korido akaniuliza, "Mdogo wako ameshajua?"

"Bado, Bibi. Kazi yake ni ya hatari. Nitamwambia akifika nchi kavu."

"Unamficha yeye, au unajificha wewe?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilimjibu mtu mzima maneno ambayo sikupaswa kumjibu. "Bibi, wewe unajua nini kuhusu ndege?"

Hakukasirika. Alifunika bakuli lake la uji akasema, "Ndege sizijui. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Akaenda kumlisha Generoza.

Na Generoza aliendelea kuuliza. Ningependa kuruka hapa, lakini nikiruka sitakuwa nimekusaidia. Aliuliza asubuhi, akauliza tena alipoamka mchana. "Umempata Aniseti?" Nikamwambia nimemwandikia, mtandao wa melini umekatwa, wanajeshi wana siri zao. Akaniamini, kwa kuwa tangu kambini sikuwahi kumwambia neno likawa si kweli. Akaomba simu yake iwe inachajiwa muda wote na ilazwe juu ya shuka, karibu na mkono, ili mtandao ukirudi isimpite. Manesi walipobadilisha mashuka walikuwa wanaiondoa na kuirudisha palepale. Alikufa asubuhi moja, ile simu ikiwa imejaa chaji.

Tulimzika. Mzee wa jumuiya yetu ya kanisa akasema kijana asiambiwe mpaka afike, na wote wakaitika. Nilifurahi kusikia wengi wakiitika, maana kosa likibebwa na wengi huwa jepesi, ingawa halipungui.

Aniseti alifika mchana wa Jumamosi, mwembamba, amechomwa na jua. Tulikuwa tumejaa sebuleni, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mezani kulikuwa na ugali, isombe ya majani ya muhogo na nyama. Alisalimia mlangoni huku akitabasamu. Kisha nikaona tabasamu linakwama. Aliwahesabu watu kwa macho.

"Dada Jene yuko kazini?"

"Karibu ukae kwanza, mdogo wangu," mzee wa jumuiya akasema. "Msafiri hula kwanza."

"Mzee, shikamoo. Naomba niambiwe."

"Utaambiwa. Kula, baba. Chakula kinapoa."

Akanigeukia mimi. Hakupaza sauti. "Dada. Maneno machache tu. Yuko wapi Generoza?"

Nami niliyepanga hotuba nzima, yenye Mungu na mapenzi yake ndani yake, nilimsogezea kiti tu. Bibi Spesiosa ndiye aliyesema kutoka kwenye kona yake: "Amefariki, mwanangu. Alikuita."

Aniseti alikaa chini, sakafuni, ingawa viti vilikuwepo.

Kesho yake nilimpeleka makaburini kwa gari langu. Upepo ulikuwa unavuma ule wa kwetu huku, usio na mti wa kuuzuia, na magari ya barabara kuu yakisikika. Alisimama muda mrefu mbele ya udongo uliokuwa haujaota nyasi. Mimi nikaanza kujitetea bila kuulizwa. Nikamwambia niliogopa angeanguka, niliwaza usiku, niliwaza ile ndoano. Mwisho nikasema neno ninalolijutia hata leo: "Si ulitua salama lakini?"

"Nilitua," akasema. "Nilitua salama kila usiku, na Dada Jene alikuwa ananiita."

Kisha akaniambia mambo ambayo ningeyajua kama ningeuliza. Melini wana padri. Ipo njia ya familia kupeleka habari ya msiba ikamfikia mtu baharini, akaitwa na mkubwa wake, akaketishwa, akaambiwa. Wangemwondoa kwenye zamu za kuruka siku hiyohiyo. Pengine wangempandisha ndege ya mizigo akafika akamkuta dada yake angali anasema. Na kama asingefika, basi angepewa simu asikie pumzi yake.

"Rubani yeyote anaweza kusema, leo kichwa changu hakiko sawa, sirushi. Hakuna anayemcheka, dada. Lakini lazima ajue kwanza kwamba kuna jambo. Wewe hukunipa nafasi ya kusema hivyo. Wewe ulikaa kimya ukaniombea." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mwelekezi akininyamazia kwa kunihurumia, mimi ni maiti."

Nikainama nikaokota karatasi iliyopeperushwa na upepo hadi kaburini. 

Usidhani alinitukana au alinitupa. Alinisamehe, na nyumbani kwangu alikuja kama zamani. Ila kuna kitu kilitoka kati yetu. Akinipigia simu nikasema tuko salama, alikuwa akisema, "Nipe niongee na wote." Nikizungusha simu kwa watoto wangu, anawauliza mmoja mmoja, nao wanamjibu kwa Kiingereza chao kwamba wako sawa, "We're good, Uncle," na hapo ndipo anapumua. Baadaye aliacha hata kuuliza. Nilidhani amepona. Kumbe alikuwa ameacha kututegemea.

Alioa, wakahamia pwani alikopangiwa kazi. Mwaka mmoja walikuja kwa komunyo ya kwanza ya binti yangu, na mtoto wangu wa mwisho, kitinda mimba, akamkimbilia mjomba wake anyanyuliwe. Nikaona Aniseti ameinama nusu, akasita, akamshika kichwa tu. Jikoni nikamuuliza mke wake, "Mumeo ana nini mgongoni?"

Akanitazama kwa mshangao. "Dada, hukujua?"

Kumbe usiku mmoja injini ilimzimikia akikaribia meli, mwelekezi akampigia kelele redioni atoke, kiti chake kikamrusha nje ya ndege, akaopolewa baharini. Mgongo uliumia. Alikaa miezi hospitalini na miezi nyumbani bila kuruka. Mke wake alijua, wakwe zake walijua, rafiki zake wa Houston walikwenda kumwona. Na mimi, niliyemwogesha kwa maji ya kopo, nilikuwa napelekewa picha za machweo.

Nilimfuata nje alikokuwa akichoma nyama. "Aniseti, kwa nini hukuniambia?"

Aligeuza nyama. Hakukuwa na hasira hata kidogo usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sisi kwetu si ndivyo tunavyofanya, dada?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameshakua, anakaa nami, namjua kwa sauti. Lakini mwaka huu daktari aliponiambia kwamba figo zangu zinachoka, sikusubiri hata nifike nyumbani. Nilikaa kwenye gari palepale uwanjani mwa kliniki, nikampigia. Nilijua yuko kazini. Nikasema, "Aniseti, figo zangu ni mbovu. Naogopa."  Halafu akaniuliza jina la dawa niliyopewa, nikamsomea herufi moja moja, naye akaandika. Alipiga tena jioni. Kesho yake akapiga tena.

Hayo ndiyo niliyonayo ya kukupa, mwanangu. Wewe uliyebaki nyumbani na simu, usimfanye aliye mbali kuwa mtoto mchanga. Kama amekabidhiwa mgonjwa, lori, darasa au ndege, anaweza kukabidhiwa msiba wake pia. Mwambie mapema, kwa maneno machache, umwachie mwenyewe aamue kama leo ataweza kazi au hataweza. Na kabla hujaficha, jiulize kama unaogopa machozi yake au unaogopa mdomo wako. Anayeomba kuitiwa ndugu yake, mwitie, hata kama ndugu huyo yuko chini ya mawingu ya dunia nyingine. Kilio utakachomwepusha nacho leo kitamfikia kesho, kikiwa na swali ambalo hutaweza kulijibu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukuambia kweli, akupe na kifua cha kuisikia. Ukiitwa, uitike ungali unasikiwa. Na wapendwa wako, popote walipo usiku wa leo, wafike.